Kabla hujanunua domeini yenye jina la kampuni ya mtu, pitia hapa

Miaka kadhaa nyuma kuna kijana alinifuata Kariakoo, anauza spea za simu, vioo, betri, chaji, na karibu mzigo wake wote ulikuwa wa brandi moja kubwa ambayo siitaji hapa. Anataka webusaiti. Tukakaa kaunta kwake, laptop juu ya boksi la vioo, nikaandika kwenye kile kiboksi cha kutafutia domeini, yaani anwani ya webusaiti, jina la brandi likifuatwa na neno tanzania, ikaja tiki ya kijani, jina halijachukuliwa, bei haifiki elfu hamsini kwa mwaka. Jamaa akafurahi mno, "kaka wenyewe wamelala, chukua fasta kabla halijadakwa". Nikalichukua. Baada ya miezi kama minane, ameshachapa bango, vitabu vya risiti na mifuko ya kubebea yenye hiyo anwani, ikaingia barua ya wanasheria. Domeini ikaenda, hakulipwa hata senti, bango likashushwa, na kilichomuuma kuliko vyote ni wateja waliokuwa wameshaizoea ile anwani, maana oda za mikoani zilikuwa ndo zimeanza kuja.

Kwa hiyo hii ninayoandika hapa ni kazi ambayo ningetakiwa kuifanya siku ile pale kaunta kabla sijabonyeza kulipa. Ile tiki ya kijani inakwambia kitu kimoja tu, kwamba hakuna aliyelipia yale maneno kwenye .com au .co.tz, basi. Anayekuuzia domeini haangalii alama za biashara za watu, yaani majina na nembo zinazolindwa kisheria, kazi hiyo umeachiwa wewe, tena kwenye yale masharti marefu tunayobonyeza nakubali bila kusoma unakuwa umeshatamka kwamba kwa unavyojua wewe jina hilo haliingilii haki ya mtu mwingine. Wengi hawajui kama wameshaahidi hivyo.

Hatua ya 1: Jiulize hilo neno ni la nani, na kwa biashara gani

Alama ya biashara haimpi mtu umiliki wa neno duniani kote kwa kila kitu. Inasajiliwa kwa aina ya bidhaa au huduma, na kuna mafungu 45 yanayotumika karibu kila nchi, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Chukua neno simba. Kuna Simba ya mpira pale Msimbazi, kuna saruji ya Simba ya Tanga, Afrika Kusini kuna chipsi za Simba, Uingereza kuna magodoro ya Simba, na wote wanaishi kwa sababu mtu anayetafuta saruji hawezi kujikuta amenunua godoro. Au neno safari, Apple wanalitumia kwa programu yao ya kuingilia mtandaoni, lakini makampuni ya utalii Arusha na Nairobi yana domeini zenye safari kibao na hayana wasiwasi wowote, wanauza safari kweli, neno linabeba maana yake ya kila siku. Ila sasa ukichukua safari ukaibandika kwenye domeini ya kupakulia programu ya simu ya kuingilia mtandaoni, hapo umejipeleka mwenyewe.

Kwa hiyo neno la kawaida la kamusi, ukilitumia kwa maana yake, una mguu wa kusimamia. Neno ambalo mtu amelibuni na halina maana nyingine yoyote zaidi ya kampuni yake, huna. Hebu fikiria mwenyewe, utasema ulichukua jina la Microsoft kwa maana gani nyingine? Halafu brandi maarufu sana zina ulinzi unaovuka hata nje ya bidhaa zao, kwa hiyo ile hoja ya "mimi nauza viatu wao wanauza soda" usiitegemee sana kama jina lenyewe linajulikana na kila mtu mtaani.

Na kama jina ni lako la kuzaliwa je? Kulikuwa na bwana Uzi Nissan kule Marekani, hilo lilikuwa jina la ukoo wake kabisa, alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta. Mwaka 1999 kampuni ya magari ikampeleka mahakamani, kesi ikachukua miaka mingi sana na domeini akabaki nayo. Alibaki nayo, sawa, ila fikiria gharama na miaka ya mtu mmoja kupambana na kampuni ya magari. Kuwa na haki hakukuzuii kushtakiwa, hilo liweke kwenye hesabu yako mapema.

Hatua ya 2: Tafuta kwenye madaftari, ni kazi ya nusu saa

Wengi hapa wanaruka. Tanzania bara alama za biashara zinasajiliwa BRELA, Zanzibar ni BPRA na hayo ni madaftari mawili tofauti, aliyesajili bara tu Zanzibar hajasajili. Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB. Kwa upande wa dunia kuna hifadhi ya brandi ya WIPO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu lililopo Geneva, unaingia bila kulipa unatafuta alama za nchi nyingi kwa mkupuo mmoja.

Namna ya kutafuta. Andika lile neno kuu peke yake, toa tanzania, toa shop, toa online. Halafu andika matamshi yanayofanana, kama kuna c jaribu k, kama kuna ph jaribu f. Ukipata kitu angalia mambo matatu: fungu gani la bidhaa, nchi gani, na kama bado iko hai au imeshaisha muda. Tanzania bara usajili wa kwanza ni miaka 7 ndo unahuisha kila miaka 10, Kenya ni kumi kumi, kwa hiyo utakutana na zilizokufa. Usikimbilie kushangilia lakini, alama inaweza kuwa imekufa kwenye daftari moja na iko hai nchi nyingine thelathini, na kwenye mgogoro wa .com mlalamikaji anaruhusiwa kuegemea alama ya nchi yoyote ile. Wewe uko Mwanza, alama iko Ujerumani, inatosha kukuburuza.

Piga picha ya skrini ya kila ulichokiona, iwe na tarehe. Weka kwenye folda. Siku ukiulizwa ulikuwa na nia gani, hiyo folda inazungumza kuliko wewe.

Na usidhani maneno ya Kiswahili hayaguswi kwa sababu ni yetu. Disney waliomba kusajili msemo "hakuna matata" Marekani mwaka 1994 wakapewa 2003, kwa ajili ya nguo. Hawajatunyima kulitamka, ila mtu wetu aliyeko Minnesota anayetaka kufungua duka la tisheti mtandaoni kwa jina hilo inabidi ajue kitu hicho kipo kabla hajachapa tisheti ya kwanza. Binafsi jambo hili linaniuma, msemo wa watu wote kukaa kwenye daftari la kampuni moja, lakini kuumia na kutojua ni vitu viwili.

Hatua ya 3: Pima jina lenyewe lilivyoandikwa

Wanaoamua migogoro ya domeini, yaani waamuzi wa vituo kama WIPO, wanaanza kwa kuweka jina lako na alama ya mlalamikaji sambamba. Kuongeza jina la nchi, duka, online, official, kistari katikati, au kubadili mwisho kutoka .com kwenda .net au .shop, karibu kila mara havikuokoi, brandi bado inaonekana pale pale. Ya nchi ni mbaya zaidi ukifikiria vizuri, maana mtu akiona brandi na tanzania anaamini kabisa hilo ni tawi lao rasmi la hapa. Ndo kilichomponza kijana wangu wa Kariakoo. Alikuwa anauza mali halali kabisa, lakini mteja wa Mbeya aliyeona ile anwani aliamini anaongea na kampuni yenyewe.

Jina lililokosewa herufi moja makusudi ili kudaka watu wanaokosea kuandika, hilo usiliguse kabisa, sina ushauri mwingine. Hakuna maelezo mazuri utakayoyatoa.

Kuna maneno yanayosaidia kidogo, yale yanayoonyesha wazi kwamba wewe siye mwenye brandi. Mfano mzuri ni mume na mke mmoja kule California, madalali wa magari, walikuwa na buy-a-lexus.com na buyorleaselexus.com. Toyota, ambao ndo wenye Lexus, wakawashtaki, mahakama ya kwanza ikawapa Toyota ushindi, wakakata rufaa, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema wanauza Lexus kweli na wana haki ya kusema wanauza Lexus, na mteja mwenye akili timamu hatadhani jina la aina hiyo ni la kampuni yenyewe, tofauti na mtu angekuwa na jina la brandi tupu na .com mbele yake. Ni uamuzi mzuri kwa mfanyabiashara mdogo, ila ni wa Marekani, usije ukaubeba kama ngao mahakamani Kisutu.

Hatua ya 4: Kama kweli unauza au unakarabati hizo bidhaa

Hapa nakaa kidogo kwa sababu wengi wanaoniuliza ni watu wa aina hii, fundi simu, muuza spea za magari, wakala wa printa. Hawaibi, wanauza kitu cha kweli. Mwaka 2001 kulikuwa na shauri la okidataparts.com, muuzaji aliyekuwa na ruhusa ya kuuza na kukarabati bidhaa za Oki, kampuni ya printa, kampuni ikataka domeini, na aliyeamua akampa muuzaji. Tangu hapo waamuzi wengi wanatumia vigezo vinne kutoka shauri hilo, na ni vyema uvisome kama orodha ya ukaguzi wa duka lako.

Uwe unauza kweli hizo bidhaa kwenye hiyo tovuti, isiwe ukurasa mtupu. Uuze za brandi hiyo tu, na hapa ndo wengi wanaanguka, kwa sababu ukivuta wateja kwa jina la brandi A halafu ukawauzia B na C umeshatumia jina la mtu kama chambo. Tatu, mwanzoni kabisa mwa ukurasa pasomeke uhusiano wako ni upi, "sisi ni duka binafsi, hatumilikiwi na wala hatuwakilishi kampuni fulani", kwa maandishi yanayoonekana kwenye simu, sio yale ya kijivu kule chini kabisa ambayo hata mwenye tovuti hajui yapo. Nne, usikusanye majina yote yanayohusu brandi ile ukambakisha mwenyewe hana pa kuingilia, moja linatosha.

Ukiangalia duka la yule kijana, alifaulu cha kwanza na cha nne. Alikuwa na kava za brandi nyingine tatu, na hakuna mahali tuliandika yeye ni nani, tena logo ya kampuni niliiweka juu kushoto mimi mwenyewe kwa sababu ilipendeza. Kusema unakarabati simu za kampuni fulani ni kueleza kazi yako. Kuweka logo yao juu ya tovuti yako ni kuvaa sare yao, usifanye.

Na kama una mkataba wa uwakala, usome kabla ya kununua domeini. Mingi ina kipengele cha majina ya mtandaoni, mingine inakukataza kabisa, mingine inakuruhusu ila mkataba ukiisha unakabidhi. Kama hakuna kipengele andika imeili uombe ruhusa, na jibu likija lihifadhi. Ruhusa ya mdomo ya meneja mauzo aliyehamishwa mwaka uliopita haikusaidii kitu.

Hatua ya 5: Mambo ya kutofanya ukishakuwa nayo

Kubwa kuliko yote, usimwandikie mwenye brandi ukitaka anunue. Sijui nani alieneza hii habari kwamba ukidaka jina la kampuni kubwa utalipwa mamilioni. Shauri la kwanza kabisa kuamuliwa WIPO chini ya utaratibu wa kumaliza migogoro ya domeini unaoitwa UDRP, Januari 2000, lilikuwa la mtu aliyesajili worldwrestlingfederation.com kwa dola 100 na siku tatu tu baadaye akawaandikia wenyewe wanunue kwa dola 1,000. Ile imeili ndo ikawa ushahidi, na jina akanyang'anywa. Mwaka 2004 kuna kijana wa Canada wa miaka 17, Mike Rowe, alikuwa na MikeRoweSoft.com, jina lake mwenyewe na neno soft, Microsoft wakampa ofa ya dola 10, kwa hasira akataja 10,000, na hapo hapo akageuziwa kwamba alisajili ili awatoze. Waliyamaliza kwa makubaliano na jina akaliachia. Ona hilo, hata aliyekuwa na hoja nzuri aliharibikiwa siku aliyotaja bei.

Kukaa nayo kimya bila kuweka chochote nako sio kinga, waamuzi walishasema tangu mwaka 2000 kwamba kulikalia tu jina la mtu kunaweza kuhesabika ni matumizi ya nia mbaya, inategemea mazingira. Kuweka ukurasa wa matangazo unaolipa kwa kila kubonyezwa ni mbaya zaidi. Na kuficha jina lako kwenye usajili hakufichi kitu, lalamiko likifunguliwa tu anayekuuzia domeini anatoa taarifa zako na kuifunga isihamishike.

Utauliza sasa hatari yenyewe ni kiasi gani. Chini ya UDRP unapoteza domeini tu, hakuna fidia ya pesa. Lakini sheria ya Marekani ya 1999 inaruhusu mahakama kumtoza mtu dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila jina, na rejista ya .com iko Virginia, huko huko Marekani, kwa hiyo kuna njia ya kuishtaki domeini yenyewe kule hata wewe ukiwa Tabata. Kenya imekwenda mbali zaidi, kifungu cha 28 cha sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 kinafanya kutumia jina au alama ya mtu mtandaoni bila haki kuwa jinai, faini mpaka shilingi 200,000 za Kenya au kifungo mpaka miaka miwili au vyote. Sio mambo ya kuchezea kwa sababu ya domeini ya elfu arobaini.

Hatua ya 6: Barua imeshafika, unafanyaje

Kwanza hakikisha ni barua ya kweli. Kuna matapeli wanatuma imeili wanasema kuna kampuni China inataka kusajili jina lako kwa .cn na .asia, lipia haraka uwahi, hiyo futa. Barua ya kweli inataja alama, namba yake ya usajili na nchi, na ofisi ya wanasheria utaipata ukitafuta namba zao mwenyewe, usipige zile za kwenye barua.

Ikiwa ni ya kweli usijibu siku hiyo. Usitaje bei, usimhamishie shemeji yako, usibadilishe taarifa za usajili, yote hayo yanasomeka kama kukimbia. Piga picha ya tovuti ilivyo, kusanya risiti za mzigo, tarehe ulipoanza kuuza, mkataba kama upo, na ile folda ya hatua ya pili. Tarehe ni muhimu sana, kwa sababu biashara halali uliyoianza kabla hujapata malalamiko inahesabika kwako, uliyoianzisha usiku wa kuamkia kujibu haihesabiki.

Likiwa limefunguliwa shauri rasmi la UDRP una siku 20 za kujibu, na unaweza kuomba 4 za ziada ukapewa. Watu wengi hawajibu kabisa, wanadhani ni pesa nyingi. Sio hivyo. Mlalamikaji ndo analipa, pale WIPO ni dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja na majina hadi matano, wewe kujibu ni bure na unajibu kwa imeili. Yeye anatakiwa athibitishe mambo matatu yote kwa pamoja: jina lako linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, huna haki wala maslahi halali nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ukivunja moja tu, umebaki nalo. Ukishindwa zinahesabiwa siku 10 za kazi kabla halijahamishwa, na ndani ya hizo unaweza kwenda mahakamani. .tz nayo imo kwenye orodha ya majina ya nchi ambayo migogoro yake WIPO wanapokea, kwa hiyo usidhani .co.tz ni kichaka cha kujificha.

Na kama ukijipima kwa ukweli unaona huna hoja, waachie kwa maandishi, omba mwezi mmoja au miwili ya kuwaelekeza wateja anwani mpya. Mara nyingi wanakubali wakiona huna ubishi, maana na wao wakili anawagharimu kila saa. Sisi hatukuomba. Tulinyamaza wiki tatu kwa uoga, na muda ukapita.

Hatua ya 7: Jina lako mbele, brandi ya watu ndani

Ninavyofanya sasa kwa kila mteja ni hivi. Domeini inabeba jina la duka lake au la mtaa au neno la kubuni, na brandi zinakaa kwenye kurasa za ndani, yaani anwani ya duka, mkwaju (/), halafu jina la simu. Google inausoma ukurasa wa ndani vizuri tu, mtu akitafuta kioo cha simu fulani Dar atakukuta kama umeandika bei, modeli na mahali ulipo, hahitaji brandi iwe kwenye domeini. Ukipata jina ulilolipenda lisajili na BRELA kama alama yako, usajili wa jina la biashara peke yake ni kitu kingine, wengi wanachanganya. Na hakikisha domeini imeandikwa kwa jina lako na imeili yako, sio ya fundi aliyekutengenezea, nimeona maduka mawili yakipoteza tovuti kwa ugomvi na fundi.

Yule kijana tulimchukulia jina la utani la baba yake, ambaye ndiye alianzisha meza ile ya spea pale mtaani. Tulilitafuta BRELA, Zanzibar na kwenye hifadhi ya WIPO, hakuna mwenye nalo. Mifuko mipya ilichapwa mwezi uliofuata, na ile ya zamani iliyobaki aliikata akaifanya ya kufungia vioo vilivyovunjika.